Mwalimu Aliyelalamikiwa Afunzwe Vipi?

Ndugu mwanachuo, mwalimu aliyembughudhi kijinsia mwalimu mwenziwe akipelekwa kwenye semina ya siku moja, kisha akahamishwa kutoka Ipinda hadi Matema, amejifunza nini? Barabara ya Matema tu.

Sheria Na. 11 ya 2007, kifungu cha 25, yamtia hatiani mwenye mamlaka adaiye ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote. Hapo semina haiwezi kushika nafasi ya mahakama. Kwa yasiyofika huko, mathalani mizaha michafu ya ofisini, mafunzo yafanane na mazoezi yenu ya kufundisha: atende, atazamwe, asahihishwe, arudie. Mhadhara hauondoi mazoea. Wala mlalamikaji asiketishwe darasani pamoja naye kwa jina la upatanisho, kama nilivyopata kuona.