Kitenzi "set" na Tatizo la Kisawe Kimoja

Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary (1989), kitenzi cha Kiingereza "set" ndicho kilichopewa nafasi kubwa kuliko vyote, kwa maana zaidi ya 400. Baadhi ya wanafunzi wetu wa tafsiri, hata hivyo, wanakijua kwa kisawe kimoja tu: weka. Ndiyo maana tunasoma katika tasnifu kwamba mwalimu "aliweka mtihani", ilhali mtihani hutungwa. Aidha, kwa Kiswahili meza huandikwa, mtego hutegwa, mfupa uliovunjika huungwa na saa hutiwa majira. Jua nalo hutua, na saruji huganda.

Wako wanaoiona orodha hii kuwa ushahidi wa uhaba wa Kiswahili, ati hakina neno moja la kubeba yote hayo. Hoja hiyo haina mashiko. Kwa Kiswahili tunapiga ngoma, simu, pasi, picha, hodi na hata magoti, wala hatujasikia Kiingereza kikiitwa maskini kwa kukosa kisawe kimoja cha "piga".

Kasoro, kwa maoni yetu, imo katika kamusi za lugha mbili zinazorundika visawe bila kuonyesha nomino inayoandamana na kila kimoja. Kumwandikia msomaji "weka, tunga, tega, unga" ni kumwacha abahatishe. Iandikwe: tunga (mtihani), tega (mtego), unga (mfupa). Kamusi itanenepa, na mchapishaji atalalamika; gharama hiyo inafaa kulipwa, hata kama idadi ya vidahizo itabidi ipunguzwe.