Tumepiga Marufuku Mfuko, Chembe Imebaki

Tarehe 1 Juni, 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki: kuiingiza nchini, kuitengeneza, kuiuza na kuitumia. Zanzibar ilikwisha kutangulia kwa zaidi ya miaka kumi. Lilikuwa jambo jema, na waliotabiri kwamba biashara ya sokoni ingekufa wamenyamaza. Hata vifungashio vilipoanza kutumiwa kinyemela badala ya mifuko, Serikali ilikemea. Lakini hapana budi tukiri kwamba ushindi ule umetuletea usingizi, kwani wengi wetu sasa tunadhani suala la plastiki limekwisha.

Halijakwisha. Plastiki haiozi kama ukindu au pamba. Jua huikausha, mawimbi huisaga, nayo hukatikakatika mpaka ikawa chembe zisizofika milimita 5, nyingine zikiwa hazionekani kwa macho matupu. Wataalamu huziita mikroplastiki, jina lililoenea baada ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake kuandika habari zake mwaka 2004. Samaki huzimeza akidhani ni chakula. Kombe, ambaye huishi kwa kuchuja maji, hana hata nafasi ya kudhani.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya bahari za wenye viwanda. Si kweli. Mwaka 2015 watafiti walinunua sangara 20 na sato 20 katika soko la Mwanza, wakachunguza matumbo yao. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki. Majibu yalitangazwa mwaka 2016, yakiwa ushahidi wa kwanza wa namna hiyo katika Maziwa Makuu ya Afrika. Baadaye ikaja zamu ya pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizikuta chembe hizo katika mchanga wa fukwe zetu na katika kombe, na mchanga wa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, ulikuwa nazo nyingi kupita sehemu nyingine zilizopimwa.

Hapa yafaa tujiulize ni nani anayezila. Chembe nyingi hukaa tumboni mwa samaki. Anayenunua sangara au changu hutupa matumbo, akala mnofu. Lakini dagaa huliwa mzima, kichwa na utumbo, na kombe huliwa na vyote vilivyomo. Dagaa ndiye kitoweo cha mtu wa kipato kidogo. Kwa hiyo yule aliyefaidi plastiki kidogo kuliko wote ndiye anayewekwa mbele kuimeza.

Je, inamdhuru? Machi 2024 madaktari wa Italia walitangaza kwamba, kati ya wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo, 150 walikutwa na plastiki katika mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa hiyo. Hao walipatwa na shtuko la moyo, kiharusi au kifo mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Utafiti ule haukuthibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha, na si halali mtu kuutumia kuwatisha wananchi wasile samaki. Mtoto aliyenyimwa dagaa aweza kupata utapiamlo leo hii. Kumwambia mama apunguze dagaa ni kumbebesha mzigo ambao hakuutengeneza.

Mzigo urudishwe kwa mwenyewe. Ndugu zetu walimu wanaowapeleka wanafunzi kuokota chupa ufukweni wanafanya kazi ya kusifiwa, lakini chembe haiokotwi. Nyingine hazikupata kuwa mfuko wala chupa: ni nyuzi za nguo za poliesta zinazotoka kwenye maji ya kufulia, ni vumbi la matairi, ni vipande vya nyavu na kamba za nailoni. Wavu wa timba ulipigwa vita kwa kulinda samaki wachanga. Ukitupwa ziwani huendelea kudhuru kwa njia hii pia. Haya hayamalizwi kwa ufagio, bali mahali plastiki inapotengenezwa na kuingizwa.

Machi 2022 mataifa yalikutana Nairobi yakakubaliana kutunga mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Busan, mwishoni mwa 2024, hayakufikia mapatano. Ya Geneva, Agosti 2025, nayo yakavunjika hivyo hivyo. Kikwazo kikubwa ni swali moja: je, utengenezaji wenyewe uwekewe kikomo? Nchi zenye mafuta ya petroli, ambayo ndiyo malighafi, hupendelea tuzungumze juu ya taka peke yake. Sisi tuliothubutu kupiga marufuku mfuko hatuna sababu ya kunong'ona katika vikao hivyo.

Na nyumbani ipo kazi isiyongoja mkataba. Maofisa wa uvuvi na wa mazingira walio miongoni mwa wasomaji wetu wanajua kwamba utafiti wa mara moja si ukaguzi. Dagaa wa Mwanza na kombe wa Mtoni Kijichi wapimwe kila mwaka kwa fedha za umma, aagizaye vifungashio kutoka nje achangie gharama, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili pale pale mnadani Feri na Kirumba, wanunuzi wayasome kabla ya mnada kuanza.