Stika Haisimamishi Gari

Mwaka 2025 mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, NTSA, iliweka mbele ya Wakenya rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari, na humo mna agizo ambalo hadi leo halijanishuka kooni: gari binafsi lililozidi miaka 4 tangu litengenezwe lipelekwe kukaguliwa. Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na wengi hununua la miaka 7 kwa kuwa ndilo wanaloliweza. Yaani gari litashuka bandari ya Kilindini leo, na kesho linadaiwa ukaguzi. Ya gharama nawaachia wengine. Langu ni breki, na hapo nasema wazi: mwenye gari anayejua kufungua gurudumu uani kwake, akabadilisha pedi na diski kwa utaratibu, anaokoa watu kuliko stika ya ukaguzi ya kiooni.

Wanaoitetea rasimu wana yao. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara zetu. Mashine ya kupimia breki hugundua gurudumu la kushoto likishika kuliko la kulia, jambo lisiloonekana kwa macho. Tena si kila mwenye spana ni fundi. Sawa, nimesikia.

Lakini pedi haina kalenda. Gari hukaguliwa asubuhi moja, na pedi huliwa siku zote zinazofuata. Na za kwetu Takaungu haziliwi kama za Nairobi. Tuko mdomoni mwa bahari. Gari likilala siku tatu tu, diski huota kutu ya rangi ya machungwa. Hiyo ya juu si neno, ukikanyaga breki mara kadhaa inafutika. Mbaya ni ile inayopenya kwenye pini ambazo kalipa hutelezea. Pini zikikwama, kalipa haisogei tena, na pedi ya ndani hubeba kazi yote peke yake huku ya nje ikibaki nene. Sasa anayechungulia kwenye matundu ya rimu huona ipi? Ya nje.

Kijana wa jirani yangu, mwenye Probox ya kupakia abiria kwenda Kilifi, alinijia. "Ami, gari lalia mbele kushoto." Stika yake ya ukaguzi ilikuwa bado haijaisha muda. Tuliweka ubao chini ya jeki, maana mchanga wetu humeza chuma, tukaliketisha gari juu ya stendi, tukatoa gurudumu. Pedi ya nje ingeenda miezi. Ya ndani ilikuwa chuma kitupu, na diski imechimbwa matuta kama shamba la muhogo. Simlaumu aliyelikagua, huenda siku ile zote zilikuwa nzima. Hilo ndilo neno langu lote.

Kazi ilitumalizia asubuhi nzima. Kalipa tuliifunga kwa waya kwenye springi isining'inie kwa mpira wake. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Yetu ilikwisha kushuka chini ya hapo, kwa hiyo habari ya kwenda kuichonga ikafa. Tulinunua mbili, kushoto na kulia, kwa sababu upande mmoja mpya na mwingine mzee ni gari la kuvuta pembeni. Tukazifuta mafuta ya kuzuia kutu zinayokuja nayo. Pini tukazisugua na kuzipaka grisi. Mafuta ya breki pia tulibadilisha: ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu, na unyevu ndio tulio nao, hushuka hadi 140. Kisha, kabla gari halijasogea hata shubiri, nilimkalisha kijana akanyage breki mpaka iwe ngumu. Anayesahau hilo hukumbushwa na ukuta.

Basi tuulizane. Matatu hukaguliwa kila mwaka. Zikitumbukia mtaroni, taarifa ya kwanza huwa ile ile, breki zilikata. Dawa haijamponya mgonjwa, nanyi mwataka kumnywesha na jirani yake! Mwenye gari wa Takaungu atoke alfajiri, aende kilomita karibu 50 hadi Mombasa, akwame Mtwapa, apoteze siku, apewe karatasi ya kuthibitisha kwamba siku hiyo gari lilisimama.

Na wakati anapanga foleni, dukani kuna pedi ndani ya boksi lenye jina kubwa la Japani, herufi moja imekosewa, bei nusu. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu 2008, na mamlaka yake ipo. Pedi kama hiyo ikipata moto huwa laini kama kioo na haishiki tena. Inamshinda fundi wa gereji, inanishinda mimi uani, na asubuhi ya ukaguzi, ikiwa baridi, inafaulu. Hao wakaguzi wa rasimu wangepelekwa madukani, ningewakaribisha kwa kahawa.

Ile pedi ya ndani ya Probox ningali nayo, nimeiweka dirishani. Atakayekuja huku kukusanya maoni nitamkabidhi aishike kwanza, halafu nimwonyeshe na stika iliyokuwa kiooni.