Ua la Mtoni na Sungura wa Ng'ambo

Ua na mnyama mdogo vyaweza kufanana? Tutazame gugu-maji, lenye maua ya zambarau, na sungura wa Ulaya. Gugu-maji huelea majini, sungura huchimba mashimo ardhini. Lakini habari zao ni kama za mapacha.

Kwanza, vyote viwili vilitolewa kwao kwa ajili ya anasa. Gugu-maji, asili yake Amerika ya Kusini, lilichukuliwa kupamba mabwawa ya bustani. Na mwaka 1859 bwana mmoja huko Australia, Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza, akawaachilia shambani mwake apate kuwawinda.

Pili, huongezeka upesi. Penye joto na maji yenye rutuba, magugu-maji huweza kuwa maradufu kwa majuma mawili. Sungura jike huchukua mimba siku 30 hivi, tena huzaa mara nyingi kwa mwaka. Sungura walienea Australia wakimaliza malisho ya kondoo. Kwetu, gugu-maji lilionekana katika mto Kongo mwaka 1952, na kwa miaka michache tu likaenea mbali sana mtoni. Mitumbwi ikanaswa, nyavu zikakosa mahali pa kutupwa.

Tatu, ni vigumu kuvizuia. Huko magharibi mwa Australia walijenga uzio wa waya wenye urefu wa kilometa zaidi ya 1,800, nao sungura walikuwa wamekwisha kupita. Mwaka 1950 ulienezwa ugonjwa wa kuwaua. Wengi walikufa, lakini waliosalia wakazaa tena. Katika Ziwa Victoria, fukusi wenye asili ya Amerika ya Kusini walioletwa katika miaka ya 1990 walilipunguza sana gugu-maji; lakini mbegu zake hulala matopeni miaka mingi, kisha huota.

Mungu aliumba vyote vyema. Kosa ni la mtu aliyehamisha kiumbe pasipo kufikiri jirani yake atakula nini.

Basi, enyi wazazi na wanafunzi, msilipeleke ua hilo katika bwawa la samaki kwa sababu lapendeza. Mkiliona limeanza kuota, ling'oeni kabla halijatoa mbegu, mkalianike mbali na maji. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.