Mshauri Mwenye Kiboko

Shuleni kwetu mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo aliyekuwa mkuu wa nidhamu. Jumatatu anakulaza chini kwa kuchelewa paredi, Alhamisi anakuita afisini, anafunga mlango polepole na kukuuliza, "Nyumbani kuna shida?" Kiboko kiko juu ya kabati nyuma yake, unakiona. Si utasema hakuna? Nilisema hakuna. Nyumbani kulikuwa na baba aliyevunja milango na mama aliyenifundisha kulala nimevaa viatu.

Na viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, bana.

Sasa tumeingia miaka ya ishirini na kila mahali wimbo ni mmoja: vijana, fungukeni, ongeeni na mtu. Kuna tisheti, kuna mabango. Sawa, niongee na nani, na akishasikia atanifanya nini? Hilo la pili hakuna mtu hulijibu. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua Kenya kulikuwa kosa la jinai. Kijana angeweza kunusurika, aamke wodini, akute anayemngoja ni polisi. Halafu tunaulizana kwa nini watu wananyamaza.

Wenzangu wa Bonde la Ufa waliona nyumba zikichomwa mwanzoni mwa 2008, wakiwa darasa la kwanza. Nao waliambiwa wasamehe kabla mtu hajawauliza waliona nini.

Wazee watasema, "Sisi tulichapwa na tukatokea watu." Watu gani? Mtu aliyetokea sawa hahitaji kumchapa mtoto wa darasa la tatu ndio apate usingizi.

Chuoni nilipoanza kukosa mihadhara, nilipata barua: nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua. Manze, kwa mara ya kwanza nikasema ukweli. Niliandika kwamba usiku silali, nasikiliza mlango. Wakajibu nilete cheti cha daktari. Daktari ni pesa. Nilibeba begi nikarudi mtaani.

Kwa hivyo sitaki kampeni nyingine. Nataka shule iajiri mshauri asiyefundisha, asiyechapa, asiye na kalamu ya kumfukuza mtu. Aniambie kabla sijafungua mdomo ni siri ipi atanitunzia na ni ipi lazima aripoti, maana mtoto anayepigwa nyumbani anastahili kujua neno lake litafika wapi. Na nikimaliza shule nimpate mwingine kama huyo kwenye zahanati ya mtaa, pale pale watoto wanapochanjwa, si mjini kwa bei ya kodi ya nyumba. Hii kazi ina mshahara, na serikali inajua kulipa mishahara ikitaka.

Yule mwalimu wangu, nasikia, alipandishwa cheo. Sasa ni naibu wa mwalimu mkuu. Ushauri bado uko chini yake.