Kilimia, kamera na macho ya mtoto gizani

Kuanzia Novemba hadi Machi, Kilimia huonekana vizuri jioni. Kwa macho ni nyota sita au saba zilizosongamana. Kwenye picha huongezeka kitu kingine: ukungu wa buluu, ambao ni vumbi la angani linaloakisi mwanga wa nyota hizo.

Ukungu huo ni hafifu mno. Familia inayotaka kuupiga picha huchagua usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji. Kamera huwekwa kwenye stendi, hupigwa picha nyingi za sekunde chache chache, kisha programu huziunganisha kuwa moja.

Wakati huo simu zizimwe. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga wa simu huyarudisha mwanzo.

Dakika hizo zikipita, mzazi awaangalie watoto. Wenzake wakiwa wanaona njia, yupo anayepapasa na kujikwaa? Asichekwe wala asiambiwe anajifanya. Kutoona gizani ni dalili ya mwanzo ya upungufu wa vitamini A, ingawa huweza kuwa na sababu nyingine. Apelekwe kituo cha afya mapema, kwani upungufu huo ukiachwa huweza kuleta upofu.

Nyumbani, mayai, ini, mchicha, karoti, maembe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa husaidia. Wadogo wa miezi 6 hadi 59 wasikose matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita.