Mubirizi nyumbani kwetu

Wamama wapendwa, huku Kivu nani hajui mubirizi? Ni yale majani machungu ambayo bibi zetu walitunywesha tumbo lilipouma.

Kuupanda si kazi kubwa. Mvua ya mwezi wa tisa ikianza, kata fimbo iliyokomaa, tia nusu yake ndani ya udongo. Ukizipanga fimbo nyingi kando ya nyumba, unapata dawa na uzio pamoja.

Mtu mkubwa akisokotwa na tumbo, osha majani machache, uyasugue ndani ya maji yaliyochemshwa na kupoa, chuja, anywe kidogo. Mama mwenye mimba asinywe. Mtoto mchanga naye, mpaka miezi 6, ni maziwa ya mama tu.

Lakini tusikilizane vizuri: mtoto akipata homa, tusimpe mubirizi na kungojea kesho. Malaria ya mtoto inaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile, apimwe damu, apewe dawa yenye kipimo.

Mwenye mubirizi mkubwa awagawie jirani zake fimbo, na awaambie neno hili pia.